Kesho Atarudi

Shomari hakujua Kitaliano hata cha kuombea maji, lakini kibanda cha video kilijaa na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, basi akatafsiri. Kwenye filamu, mke aliweka ufunguo mezani mbele ya mumewe, akabeba sanduku, akatoka.

“Anakwenda kumsalimu mama yake,” Shomari alitangaza. “Mumewe anampenda kufa. Kesho atarudi.”

Mwanaidi, mke wa Shomari, akasonya kutoka benchi la nyuma.

“Baba Rehema, nyumbani unanisemea mimi, na huyu Mtaliano wa watu naye unamsemea?”

Watu wakacheka. Mwanaidi akapita mbele, akaweka ufunguo wa nyumba kwenye meza ya Shomari, akatoka.

Shomari akainua kipaza sauti. Kibanda kizima kilimtazama, kikisubiri atafsiri.