Kikohozi cha Safu ya Mbele

Tangu sheria ilipokataza albamu kujirudia, marehemu Senzota hupiga piano upya kila alasiri nyumbani kwa mjane wake. Rekodi ni ileile ya onyesho lake la jazi pale Same, yeye na piano tu, lakini kila inapowashwa vidole vyake hushika njia nyingine.

Leo mjane huyo, Bi Nakijwa, aliiwasha akichambua mchele. Lo, mtu yule alijua kupiga! Mkono wa kushoto ulipanda taratibu kama mtu mwenye mzigo mlimani, wa kulia ukawa unautania, hadi ungo ukasahaulika mapajani.

"Mama, baba anazidi kuwa hodari," alisema bintiye, Namsifu, akiwa mlangoni.

"Hakuwahi kupiga hivi hata alipokuwa hai," mama alijibu kwa fahari. "Sasa nyamaza, naja mimi."

Siku ile ya onyesho Bi Nakijwa alikaa safu ya mbele na mafua yake, na wimbo wa tatu ulipoisha akakohoa. Piano ilibadilika kila siku, ila kikohozi kile hakikukosekana kamwe kwenye rekodi.

Wimbo wa tatu ukaisha. Watu wakapiga makofi. Kikohozi hakikuja.

Hapo Senzota husema, "Unaofuata ni wa mke wangu, yule pale." Leo alikawia kidogo.

"Unaofuata ni wa mke wangu," akasema. "Kiti chake kiacheni hivyohivyo, mtu asikikalie. Anakuja."

Namsifu alisogea akanyoosha mkono kuizima rekodi. Mama yake akaushika.

"Mwache baba yako amalize."