Aliyeandika Barua

Mkaguzi alipoubandika mlango wa maabara karatasi ya zuio, Profesa hakumtazama yeye. Alimtazama fundi wake wa maabara.

Makosa yalikuwa wazi kama jua. Vimelea vya kimeta visivyosajiliwa vilikuwa ndani ya friji, kabati la kuchujia hewa lilikuwa bovu tangu mwaka jana, na taka zilitupwa bila kuchemshwa. Utafiti wa miaka sita ulikuwa umesimamishwa kwa barua moja tu ya malalamiko iliyotumwa kwa wakaguzi.

Fundi alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. Wanafunzi walimwita Bibi Kanuni, maana aliyekuja na kandambili alirudishwa mlangoni.

"Kweli, kikulacho ki nguoni mwako," Profesa alisema. "Miaka kumi na moja nipo nawe, leo unanichongea."

"Sijakuchongea."

"Nani mwingine alijua kabati ni bovu?"

"Nimekwambia usoni mpaka nikachoka, Profesa. Ningekuwa na haja gani ya kuandika?"

"Weka ufunguo mezani. Nisikuone tena hapa."

Fundi aliuweka. Alivua glovu, akazitia kwenye mfuko mwekundu, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, kama alivyowafundisha wengine. Akaondoka bila kuaga.

Profesa alishusha pumzi. Angalau nyoka ametoka chumbani.

"Barua haikutaja kabati," mkaguzi alisema, bila kuinua macho kwenye fomu zake. "Wala friji. Hayo tumeyakuta wenyewe."

"Ni ujanja wake. Nionyeshe hiyo barua."

"Kwa kawaida hatuonyeshi. Lakini mwandishi alituomba ukiiulizia tukupe."

Profesa aliipokonya. Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa kwa mkono. Mwandiko peke yake ulitosha kumtafutisha kiti.

"Mambo ya maabara siyajui. Ninalolijua ni koti lake la kazini. Kila Ijumaa analileta nyumbani, nami nalifua kwenye beseni moja na nguo za mjukuu wetu. Nikimuuliza kama ni salama, ananiambia nishughulike na jiko langu."