Kahawa ya Kwanza

Wiki tatu baada ya usaili, jibu la chuo cha udaktari liliingia kwenye simu. Restituta alishindwa kulifungua, akampa baba yake.

Mzee aliishia darasa la nne. Alisoma polepole, kidole chake kilichopasukapasuka kwa jembe kikifuata neno kwa neno.

“Tata, sema basi,” Restituta alimhimiza baba yake.

Akasoma mpaka mwisho, akarudia. Kisha akanyanyua kikapu cha kahawa ya kutafuna alichokuwa amemtolea jirani aliyekuja kuwatembelea, akampa binti yake kwanza, kwa mikono miwili.

Jirani alibaki mkono hewani. “Tangu lini hapa Kagoma mtoto anapewa kabla ya mgeni?”

“Ngoja zamu yako,” mzee alimjibu. “Hata hospitali utamngoja hivyo hivyo.”