Nyumba Iliyoitikia Hodi

Siku hizo kila nyumba ilitakiwa kufuatilia nyendo za wageni kama tovuti zinavyofuatilia wanaozitembelea, na mwenye nyumba ndiye aliyechagua tendo gani lihesabiwe. Zamda, aliyezipangia tovuti za watu mambo hayohayo, aliipanga nyumba yake chapuchapu: mgeni kuvuka kizingiti, kuketi, kunywa chai, kuaga. Hodi aliiachia nyumba iitikie kwa kuiga sauti yake Zamda, asikatizwe kazi.

Miezi ikapita, jina la mama yake lisionekane kwenye skrini ya orodha ya wageni. Akampigia simu, roho ikimuuma.

"Mama, ndiyo umenisusa kabisa?"

"Nikususe wewe? Mbona kila Ijumaa nakuja! Napiga hodi, nasikia 'karibu', nasimama nakungoja utoke unipokee. Hutoki. Mimi siingii nyumba ya mtu bila kupokewa, mwanangu, hata iwe yako. Narudi zangu."

Zamda aliona haya. Wanaoishia mlangoni hakuwahi kuagiza wahesabiwe. Alipowaongeza kwenye hesabu, nyumba ikauliza kama iboreshe makaribisho ili wasiondoke. Akakubali bila kufikiri, kama alivyozoea kazini.

Ijumaa akaacha kazi zake, akakaa sebuleni kumsubiri. Hodi ilipopigwa aliinuka mbio.

"Karibu, Mama," nyumba ikamwahi.

Mama akauliza kutoka nje, "Ni wewe, Zamda, au ni nyumba?"

Zamda akafungua kinywa, lakini sauti yake ilikuwa imeshatangulia mlangoni, laini kuliko alivyowahi kusema na mama yake:

"Ni mimi, Mama."