Nusu Alama

Kofi la tatu lilimwangusha bibi mwalimu chini ya nguzo ya daraja. Jino likamtoka. Akalitema kiganjani, akalitazama kama mtu anayechambua punje mbovu ya mahindi.

"Shikamoo, mwalimu," Shoka akasema, akimwinua kwa nywele.

"Marahaba," bibi akajibu. Mazoea yana taabu.

Shoka alikuwa mwanafunzi wake, kabla hajatoroka shule na kujiokotea jina hilo pamoja na shoka lenyewe. Leo alikuwa na wanaume kumi na wanne nyuma yake, na mapanga yao yalikuwa bado mabichi kwa damu ya seremala.

Seremala huyo ndiye aliyelijenga daraja, mbao ishirini, kila moja pana kama mlango. Asubuhi hiyo ndiye aliyelitega baruti, watu wote walipokwisha kukimbilia ng'ambo na kujifungia ndani ya kinu cha kusaga. Wajukuu watatu wa mwalimu walikuwa humo. Yeye aliachwa nyuma na magoti yake.

Walimkata seremala vidole, kimoja baada ya kingine. Alisema maneno haya tu: "Hesabu iko nguzoni. Aliyesoma kwa mwalimu atavuka." Kisha akakata roho.

Na kweli, nguzoni palikuwa na maandishi ya mkaa: *Nambari ya ubao, izidishe kwa yenyewe, ongeza sitini. Utapata nambari hiyohiyo mara kumi na saba.*

"Ubao gani umetegwa?" Shoka akauliza. "Na usinichezee. Jibu lako nitalihakiki mwenyewe."

"Kuhakiki ulikuwa hodari, baba. Kilichokushinda ni subira."

"Ulinionea! Naleta jibu sahihi, unanipa nusu alama. Darasa zima linaniimba: Nusu! Nusu! Mpaka leo sijui kwa nini."

"Ungeuliza."

Teke likamwingia mbavuni. Kitu ndani kikalia kama kijiti kikavu.

"Fanya hesabu!"

Aliandika mavumbini kwa kidole. Sitini akaivunjavunja: mbili kwa thelathini, tatu kwa ishirini, nne kwa kumi na tano... Mkono ukasimama. Akafuta yote kwa kiganja.

"Tano," akasema.

Shoka akakunja vidole, midomo ikimchezacheza kama zamani dawatini. Tano mara tano, ishirini na tano. Ongeza sitini, themanini na tano. Tano mara kumi na saba... themanini na tano!

"Sawasawa!" Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Tangulia wewe."

Bibi akatangulia, shoka likimgusa kisogo. Moja, mbili, tatu, nne. Akauruka wa tano kwa magoti yake yale mabovu, akaukanyaga wa sita kwa kishindo, akarudi vilevile. Shoka akalala kifudifudi juu ya ubao wa nne, akachungulia chini ya wa tano. Akaona kopo, na waya umekazwa kama uzi wa gitaa. Rangi ikamtoka usoni.

"Hili lingelipua daraja zima," akanong'ona. Kisha akaangua kicheko. "Kumbe huongopi, mwalimu!"

"Sijawahi kumpa mtoto jibu la uongo."

"Basi kaa hapo nguzoni, bibi yangu. Nikirudi nitakuletea vichwa vya wajukuu zako, unipe alama zote."

Akauruka ubao wa tano. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akiuruka kwa madaha kama mtoto anayeruka dimbwi, mapanga juu. Mwalimu akatambaa hadi nyuma ya nguzo, akajikunyata, akaziba masikio.

"Mwoneni bibi, analia!" wa mwisho akapiga kelele.

Hakuwa akilia. Alikuwa akihesabu mbao chini ya miguu ya Shoka. Nane. Tisa. Kumi.

Jibu alilompa lilikuwa sahihi kabisa, na lilistahili nusu alama. Nusu iliyobaki, jibu la pili la hesabu ileile, ilikuwa ubao wa kumi na mbili.