Viganja Mbele ya Jicho

Pindo la kanga aliyokuwa akiichora lilikuwa limekwisha, mji wake wa katikati bado, na Mwanakombo alikuwa hoi. Sheria ilisema mchoro hauuzwi kama kazi ya binadamu, si ya mashine, mpaka jicho la kamera liuone tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila sauti ya mtu wa pili. Ndiyo maana aliwajengea wabunifu wa kujitegemea wa Tanga tovuti, wachore wakionekana. Desturi ya kuonyesha viganja kabla ya kushika kalamu aliianzisha yeye mwenyewe, ili wateja waamini.

Nyumbani kwake jicho lilikaa juu ya meza ya chakula. Mwaka wa pili huu mumewe, Baba Salha, alikuwa akila chumbani, kimya kimya.

Mchana huo Mwanakombo alichomoa waya wa jicho.

"Baba Salha, njoo tule pamoja. Nimechoka mie."

"Na mchoro?"

"Wataukataa. Potelea mbali."

Baba Salha alinawa, akaketi. Kabla ya kumega ugali aliinua viganja vyote viwili, akaligeukia jicho lililozimwa, akangoja.

Mwanakombo alitaka kucheka. Ndipo alipoona kwamba mikono yake mwenyewe pia ilikuwa juu.