Tumbo la Modesta

Mjukuu wangu Modesta alirudi kutoka kibarua cha kupalilia miwa ya kampuni, tumbo limetuna ndani ya kitenge.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na hilo tumbo ni la nani?"

"La kwako," akacheka, akafungua kitenge.

Alikuwa amejizungushia kiunoni marando ya viazi vitamu, mabichi, ya ile mbegu aliyoniachia mama yangu. Tangu kampuni ichukue shamba letu la ziwani sikuwahi kuyaona tena. Hata michembe, viazi vya kukausha, tulikuwa tunanunua, kama watu wa mjini Mkuyuni.

"Yameota mtaroni, katikati ya miwa. Mlinzi getini anatafuta miwa tu. Kaniambia, mama kijacho, pita pole pole."

Nikampangusa kiunoni. Utomvu ulikuwa umemchora mistari myeusi, haikutoka.

"Kesho wanapuliza dawa kule, bibi. Yamebaki haya tu. Tutapanda wapi?"

Tumebaki na nyumba na huu uwanja ninaoufagia kila asubuhi. Mtoto akiuchimba hata kwa kijiti, namchapa. Modesta mwenyewe nimemchapa.

"Ondoa kigoda changu hapo katikati," nikamwambia, nikashika jembe.